Bakuli moja, majina manne: namna ya kusoma menyu ya rameni

Mtu akikuuliza gari lako ni gari gani, unaweza kumjibu kuwa ni jekundu, ni la dizeli, ni la Kijapani, ama ni la kubebea mchanga. Majibu yote manne ni ya kweli, na yote yanaweza kuwa ya gari moja. Menyu ya mgahawa wa rameni, zile tambi za Kijapani zinazoliwa ndani ya supu, imeandikwa kwa mtindo huo. Shoyu, shio, miso, tonkotsu, tori paitan, niboshi, Hakata, Sapporo, tsukemeni: mgeni huyasoma kama anavyosoma majina ya samaki feri, changu ni changu na kolekole ni kolekole, kisha anachagua kwa kubahatisha. Mara ya kwanza mimi niliagiza miso, mwenzangu akaagiza Sapporo, tukakaa tunasubiri kuonja tofauti. Yakaja mabakuli mawili kama mapacha, la kwake limezidi kipande cha siagi na punje za mahindi. Mpishi hakuwa amekosea. Sisi ndio tulioagiza kitu kimoja kwa majina mawili.

Majina hayo hayako katika orodha moja. Kila kundi linajibu swali lake. Shoyu, shio na miso yanajibu swali la chumvi: bakuli hili limekolezwa na nini? Tonkotsu, tori na niboshi yanajibu swali la sufuria: supu imechemshwa kwa kitu gani? Hakata, Sapporo na Kitakata ni majina ya mahali, na jina la mahali hubeba desturi nzima ya pale. Tsukemeni linaeleza namna ya kula tu. Ndiyo maana Yokohama wana mtindo wao mashuhuri, uitwao iekei, ulioanzia katika mgahawa wa Yoshimuraya mwaka 1974, ambao ni tonkotsu na shoyu kwa pamoja. Anayedhani tonkotsu na shoyu ni washindani atachanganyikiwa hapo. Anayejua kuwa moja ni mfupa na jingine ni chumvi hana la kushangaa.

Ukipata nafasi ya kukaa kaunta, tazama mikono ya mpishi, utaelewa kuliko nitakavyokueleza mimi. Kwanza huweka kikolezo chini ya bakuli tupu, upawa mdogo tu wa kitu cheusi au cha rangi ya udongo. Kikolezo hicho huitwa tare. Hapo ndipo chumvi yote ilipo, kwa kuwa supu iliyo motoni kwa kawaida haina chumvi kabisa. Kinafuata kijiko cha mafuta yenye harufu, ya kuku, ya nguruwe, au yaliyokaangiwa vitunguu. Halafu supu ya moto inamiminwa, inachanganyika na kikolezo mbele ya macho yako. Tambi zinatoka kwenye maji yanayochemka, zinakung'utwa kwa nguvu ili zisije na maji yake, zinalazwa ndani ya supu. Mwisho vinapangwa vya juu: vipande vya nyama, yai la kiini laini lililolowekwa katika sosi ya soya, majani ya kitunguu, machipukizi ya mwanzi yaliyochachushwa, karatasi ya mwani. Yote hayo huchukua dakika chache. Kazi iliyochukua siku nzima ilishafanyika jikoni kabla hujaamka.

Kwa hiyo shoyu ni bakuli ambalo tare yake ni ya sosi ya soya. Shio maana yake ni chumvi, na tare yake ni ya chumvi, mara nyingi iliyopikwa pamoja na mwani au samaki mkavu, ndiyo maana supu yake hubaki na rangi nyepesi. Miso ni rojo ya soya iliyochachushwa, nzito, yenye harufu kali. Mpishi anaweza kuwa na sufuria moja ya supu na vikolezo vitatu, na menyu yake ikaonekana ndefu.

Sufuria yenyewe ina njia mbili. Ukichemsha mifupa kwa moto mdogo, maji yakitikisika tu bila kutokota, utapata supu safi inayoonyesha chini ya bakuli. Ukiichemsha kwa moto mkali saa nyingi, inageuka nyeupe kama maziwa. Hakuna maziwa humo. Kinachotokea ni kile kile kinachotokea kwenye tui la nazi: mafuta yamevunjwa kuwa matone madogo mno yanayoelea ndani ya maji, na matone hayo yanatawanya mwanga, jicho likaona weupe. Katika tui kuna protini za nazi zinazoyazuia matone yasirudi kuungana haraka. Katika supu ya mifupa kazi hiyo inafanywa na ule utelezi unaotoka kwenye ngozi, kano na viungo, ambao kila aliyekula makongoro anaujua, kwa sababu ndio unaogandisha midomo. Tonkotsu ni supu nyeupe ya mifupa ya nguruwe, na neno lenyewe linasema hivyo, ton ni nguruwe na kotsu ni mfupa. Tori paitan ni weupe uleule kwa mifupa ya kuku.

Niboshi ndiyo inayonifurahisha zaidi, kwa sababu ni dagaa. Sisemi ni kitu kinachofanana na dagaa. Ni vidagaa vya baharini vinavyochemshwa kisha vikaanikwa, kama wanavyofanya wavuvi wa Unguja kabla ya kuvisafirisha bara. Katika mkoa wa Aomori, kaskazini mwa kisiwa kikuu, watu wana rameni ya niboshi ambayo supu yake ni ya dagaa wakavu, wakati mwingine wengi kiasi cha kuipa rangi ya majivu na uchungu kidogo wa vichwa. Mtu aliyelelewa Kigoma au Mwanza akifunikuliwa bakuli hilo hahitaji kuelezwa lolote.

Kinachofuatwa katika sufuria hizo zote, ziwe za mfupa, dagaa au mwani, ni ile ladha ambayo Wajapani wanaiita umami. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aliipata ndani ya mwani wa kombu, akaonyesha kuwa inatokana na glutamati, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa kama unga kwa jina la Ajinomoto. Vitabu vingi vya lugha nyingine hutumia kurasa kueleza umami ni nini, kwa kuwa kwao tamu ni ya sukari pekee. Sisi tunasema supu tamu, nyama tamu, pweza mtamu, na hakuna anayedhani kuna sukari. Neno umami limetokana na umai, yaani tamu kwa maana hiyohiyo ya kwetu.

Tambi nazo zina siri moja ambayo ni nyeupe na ni ya bei rahisi. Unga wa ngano, maji na chumvi peke yake hukupa udoni, tambi nyingine ya Kijapani. Ili upate tambi ya rameni, yenye rangi ya manjano, inayoteleza na kukaza chini ya jino, unatia kansui. Kansui ni mchanganyiko wa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Ukisoma hivyo inatisha, lakini ni ndugu wa magadi, yale tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive upesi, yanayochotwa Ziwa Magadi na Ziwa Natron. Magadi kwenye maharage hulainisha. Kwenye kinyunga cha ngano hufanya kinyume chake, hukaza zile nyuzi za protini, na hubadilisha rangi ya chembechembe zilizomo ndani ya unga zikawa njano. Wengi hudhani umanjano ule ni wa mayai. Yapo maduka yanayotia yai, lakini tambi isiyo na yai hata moja inaweza kuwa ya manjano vilevile.

Asili ya chakula hiki ni China. Kilikuja Japani na wahamiaji wa Kichina walioishi bandarini, hasa Yokohama, na kwa miaka mingi kiliitwa soba ya Kichina, yaani tambi za Kichina. Mwaka 1910 mgahawa uitwao Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo, mwenyewe akiwa Mjapani na wapishi wake wakiwa Wachina kutoka Yokohama, na ukapendwa na watu wa kawaida. Baada ya vita vya pili vya dunia nchi ilikuwa na njaa, mchele haupo, na ngano ya Marekani ndiyo iliyokuwa ikiingia. Vibanda vya tambi vikajaa pembezoni mwa vituo vya treni, vingine katika biashara ya magendo. Momofuku Ando, mzaliwa wa Taiwan, mwaka 1958 akauza tambi za kwanza za kuchemsha papo hapo, zilizokaangwa kwenye mafuta ili maji yatoke na kuacha vitundu ambavyo maji ya moto yangeingia tena. Ukoo wa Indomie unaoijua dukani kwa Mpemba unaanzia hapo, ingawa kumwambia mpishi wa rameni kwamba kazi yake ni Indomie si jambo la busara.

Miji sasa. Sapporo, kwenye baridi ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, ilileta miso katika rameni miaka ya 1950, na tambi zake ni nene na zimepindapinda. Kitakata ni mji mdogo wenye tambi bapa, na watu wake hula rameni asubuhi kabla ya kwenda kazini, jambo ambalo wageni huliona la ajabu lakini si kwa mtu aliyezoea supu na chapati saa moja asubuhi.

Fukuoka inahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyosambaza tonkotsu duniani, kwa jina la Hakata, mtaa wake wa kale. Tambi za Hakata ni nyembamba, zimenyooka, na huiva kwa sekunde tu. Desturi hiyo inahusishwa na watu wa soko la samaki la Nagahama, waliokuwa na haraka na hawakuweza kungoja tambi nene. Lakini tambi nyembamba ina ubaya wake, hulowa upesi ndani ya supu. Ukiwekewa nyingi, za mwisho zitakuwa uji. Dawa yake ikawa kukupa chache, halafu ukimaliza unasema neno moja, kaedama, na unaletewa fungu jingine la tambi ndani ya supu ileile. Kwa hiyo ukiwa Hakata usinywe supu yote mwanzoni. Nimeona mtu akiomba kaedama na bakuli lake likiwa kavu, mpishi akamtazama, akamtazama tena. Na ukiulizwa tambi ziwe ngumu kiasi gani, kata ni ngumu, barikata ni ngumu zaidi, na harigane, yaani waya, ni kwa wanaojua wanachokitaka.

Tsukemeni haina mji, ina mtu: Kazuo Yamagishi, aliyefungua mgahawa wake wa Taishoken kule Higashi-Ikebukuro mwaka 1961 na kuueneza ulaji huo. Tambi huja zimepoa kwenye sahani, supu nzito pembeni, unachovya na kula kama unavyochovya tonge kwenye mchuzi. Supu hiyo ni kali mno kunywewa. Ukimaliza tambi, unaomba ichanganywe na supu nyepesi ya moto, ndipo unakunywa.

Haraka ya watu wa soko la Nagahama ndiyo ufunguo wa adabu nyingine zote zinazomsumbua mgeni. Mgahawa wa kawaida wa rameni ni chumba chembamba chenye viti visivyozidi kumi. Bei ya bakuli kwa muda mrefu ilizuiwa na kile wafanyabiashara wanachokiita ukuta wa yeni 1,000, imani kwamba mteja hatalipa zaidi ya hapo kwa rameni, ingawa siku hizi ngano, nyama na umeme vimepanda na wengi wameuruka. Viti kumi na bei ndogo maana yake ni moja: kiti lazima kibadilishe mtu mara nyingi kwa siku. Mlangoni kuna mashine ya tiketi. Unatia pesa, unabonyeza kitufe, tiketi inatoka, unampa mpishi. Mashine inaokoa mshahara wa mtu mmoja na inamwezesha mpishi asishike pesa na tambi kwa mikono ileile. Kama husomi Kijapani, kitufe cha juu kushoto mara nyingi ndicho cha bakuli ambalo nyumba inajivunia. Beba noti ndogo: mashine nyingi za zamani hazipokei noti kubwa, na Japani ilipotoa noti mpya Julai 2024, wenye migahawa walilalamika sana kwa gharama ya kubadilisha mashine ambayo haiongezi hata tone la supu.

Kuvuta tambi kwa sauti kunatokana na sababu hiyohiyo. Najua tulivyolelewa. Kwetu mtoto anayekula kwa sauti hupigwa jicho kabla hajapigwa kofi. Kule sauti haina aibu, kwa sababu tambi ni za moto, dakika zinahesabika kabla hazijalowa, na hewa unayoivuta pamoja nazo hupoza tonge na kupeleka harufu puani. Hulazimishwi. Kinachochukiza ni kumaliza kula kisha ukakaa unapiga soga huku watu wamesimama nje kwenye mstari. Mazungumzo yana nyumba yake, inaitwa izakaya, ambako watu hunywa na kula vidogovidogo hadi usiku. Huko tahadhari moja tu: kibakuli usichokiagiza, kiitwacho otoshi, kitaletwa na kitalipiwa, ni ada ya kiti. Mgeni anayegomba juu yake hugombea bure. Na bakshishi haitolewi, si kwa rameni wala kwa izakaya. Ukiacha sarafu mezani kuna uwezekano wa kukimbiziwa nazo barabarani.

Wapo waliosukuma upweke wa kaunta hadi mwisho. Ichiran, kampuni ya Fukuoka, huweka ubao kati ya mteja na mteja, unajaza karatasi ya unachotaka, kiasi cha mafuta, kitunguu saumu, ugumu wa tambi, na bakuli linapita chini ya pazia bila wewe kuona uso wa mtu. Upande mwingine kuna duka la Jiro, lililoanza Tokyo mwaka 1968 na likakaa karibu na Chuo Kikuu cha Keio, mlima wa kabichi na michipukizi ya maharage juu ya tambi nene na mafuta. Pale huulizwi unataka nini. Unaulizwa kama watie kitunguu saumu, na jibu sahihi si ndiyo wala hapana, ni orodha ya vinavyoongezwa, mboga, saumu, mafuta, ukali wa chumvi. Binafsi naona ni mtihani kuliko mlo, ila vijana wa chuo wana matumbo yao.

Sasa suala ambalo kwa wasomaji wengi wa pwani, Muscat na kwingineko linatangulia yote haya. Rameni ya kawaida ina nguruwe mahali pengi kuliko panapoonekana. Ile nyama ya juu, chashu, inaonekana, na anayeijua kitimoto ataitambua kwa mbali. Lakini nguruwe anaweza kuwa ndani ya supu ya shoyu inayoonekana safi kama maji ya chai, kwa kuwa wapishi huchanganya mifupa yake na ya kuku. Anaweza kuwa katika yale mafuta ya harufu. Hata bakuli la mboga tupu huweza kukaa juu ya supu ya mifupa yake. Na tare nyingi hupikwa kwa sake au mirin, ambazo ni pombe. Ukisema tu kwamba huli nyama ya nguruwe, mhudumu mwema ataondoa vipande vya juu na kukuletea supu ileile, kwa nia safi kabisa, maana umemwuliza kuhusu nyama naye amekujibu kuhusu nyama. Uliza kuhusu supu. Njia ya salama zaidi ni mgahawa wa halali wenyewe. Tokyo ipo, na Naritaya kule Asakusa ni mmoja unaojulikana na Waislamu wanaopita. Hapo jina la tori paitan linapata thamani yake, kwani linakupa ule weupe na uzito wa tonkotsu kwa mfupa wa kuku.

Nje ya Japani mambo yanalegea. New York au London utakaa mezani, utahudumiwa, utaletewa menyu yenye vitafunio, bei itakuwa mara mbili au tatu na bakshishi juu yake, na hakuna atakayekuharakisha. Supu inaweza kuwa nzuri sana. Tatizo ni kwamba watu wanapiga picha na kuzungumza, na tambi za Hakata haziwezi kungoja picha. Wapishi wengine hujibu kwa kutumia tambi nene zinazovumilia, kwa hiyo kinachoitwa Hakata huko huenda kisiwe na tambi za Hakata.

Ukimaliza, huna haja ya kunywa supu yote, ina chumvi nyingi na hakuna anayekuhesabia. Nyanyua bakuli uliweke kwenye ubao wa juu wa kaunta, futa meza mbele yako kwa kitambaa kilichopo, sema gochisosama, yaani asante kwa chakula, na usukume pazia la mlangoni kwa mgongo wa mkono. Aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari atakuwa ameshaingia kabla pazia halijatulia.